Hesabu Iingie Jikoni



Kila tufungapo vitabu vya hesabu, wenzangu hulalamika: "Hesabu hizi za 'isipungue' na 'isizidi', na grafu zake, zitatufaa nini nyumbani?" Nami nilikuwa mmoja wa walalamikaji hao, mpaka mdogo wangu alipougua.

Ndizi zilijaa shambani kwetu, na mtoto alikula akashiba kila siku. Hata hivyo miguu ilimvimba, nywele zikageuka rangi, na kucheza akaacha. Daktari akasema ni unyafuzi. Tumbo lilijaa, lakini mwili haukupata chakula cha kuujenga. Namshukuru Mungu alipona.

Basi wasomaji, tazameni: hiyo ni hesabu ile ile ya darasani. Protini isipungue kiasi fulani. Chakula kisizidi tumbo dogo la mtoto. Bei isizidi shilingi alizo nazo mama. Je, tuchukue maharagwe kiasi gani, karanga kiasi gani, dagaa kiasi gani?

Wakubwa walikwisha kujiuliza hivyo. Mwaka 1945 Bw. George Stigler wa Marekani alichagua katika vyakula 77 ili kumlisha mtu mzima kwa bei ndogo kabisa. Kwa kukisia alipata dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za 1939. Mwaka 1947 makarani 9 walitumia njia mpya ya Bw. George Dantzig. Kazi yao ilikuwa sawa na siku 120 za mtu mmoja, wakapata dola 39.69. Leo kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua.

Wengine watasema, basi tuiachie kompyuta. Mimi nakataa. Bw. Dantzig mwenyewe alipotaka kupunguza unene, aliiuliza kompyuta ale nini, nayo ikamwandikia galoni 500 za siki! Haikukosea kujumlisha, hakuna aliyeiambia kwamba binadamu hawezi kunywa siki kama ng'ombe anywavyo maji.

Nani basi ataiambia? Ni mama zetu. Wao ndio wajuao mtoto hukataa nini, dagaa hupanda bei mwezi gani, na kuni zatosha kuchemsha maharagwe mara ngapi. Pale Mulago, Kampala, kituo cha Mwanamugimu tangu 1965 kimewafundisha akina mama kupika kitobero, yaani mchanganyiko wa vyakula vya papa hapa, wala si vya makopo.

Kwa hiyo nashauri hivi. Likizo ijayo kila mmoja wetu afuatane na mama yake sokoni, aandike bei na vipimo daftarini. Tukirudi tufanye hesabu, kisha jibu tulipeleke kwa akina mama walisahihishe. Na ninyi kaka zetu mliomaliza hapa, mlio madaktari na walimu, tusaidieni majedwali ya vyakula.

Tusione haya mbele ya mama asiyesoma. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kupata alama zote za hesabu huku mdogo wako anavimba miguu.

Mwanafunzi wa darasa la juu