Mvua ya mawe na ihesabiwe

Mtu akitaka kuona theluji nchini Kenya huambiwa apande Mlima Kenya. Mkazi wa Mogogosiek hana haja ya safari hiyo. Alasiri moja ya mvua ya mawe yatosha kuyafanya mashamba ya chai, barabara na viwanja vya shule yawe meupe pe. Watoto hukimbilia kuokota barafu na kuitia vinywani. Mwalimu huweka chaki chini kwa kuwa kelele ya mabati haimruhusu kusikia hata sauti yake mwenyewe. Baada ya nusu saa weupe wote umeyeyuka. Kinachosalia ni majani yaliyochanika, na mkulima aliyesimama kandoni mwa shamba akikadiria hasara kwa macho.

Twayatilia mkazo maneno hayo mawili ya mwisho: kwa macho. Hapo ndipo penye kasoro.

Nchi hii ya Kericho na Bomet si mahali pa kawaida katika elimu ya hali ya hewa. Eneo la Kericho hupigwa na mvua ya mawe kwa wastani wa siku 50 hivi kwa mwaka, na kuna mwaka zilipohesabiwa siku 132, idadi iliyoingia katika kumbukumbu za dunia nzima. Unyevu watoka Ziwa Victoria. Jua linapowaka mchana kutwa, hewa hiyo hupanda miinuko yetu, na ifikapo alasiri imekwisha kufika kwenye baridi kali ya juu. Nayo ardhi yenyewe, kwa kuwa iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, haiipi barafu nafasi ndefu ya kuyeyuka kabla ya kutua.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwanafunzi wa sayansi huku alistahili kulijua. Tone la maji lililo safi halilazimiki kuganda kwenye nyuzi sifuri. Mawinguni laweza kubaki maji hata nyuzi 30 chini ya sifuri, mpaka lipate chembe ya kulishika na kuligandisha. Mnamo 1982 watafiti Russell Schnell na Tan-Schnell walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba takataka za majani yaozayo chini ya michai ya Kenya zina chembe za namna hiyo, nazo hugandisha maji kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Walidokeza kwamba huenda vumbi litimuliwalo na miguu ya wachumaji hupanda hadi mawinguni na kuchochea mvua ya mawe. Hiyo ni dhana, wala haijathibitishwa. Lakini tazama ajabu yake: yawezekana kwamba chai yenyewe ndiyo imwitayo adui yake. Na swali kubwa namna hiyo, lililoulizwa juu ya udongo wetu, halifundishwi katika madarasa yaliyozungukwa na chai pande zote.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kupambana. Katika miaka ya 1960 makombora yalirushwa mawinguni huku Kericho ili kuivunja mvua ya mawe, na baadaye zikatumiwa ndege zilizomwaga iodidi ya fedha. Majaribio yakaisha. Hadi leo wataalamu wa dunia hawajakubaliana kwamba mbinu hizo zafaa. Kwa hiyo tusikae kungoja kombora.

Ugumu wa kubishana juu ya matokeo hayo ni ule ule unaomkabili mkulima wetu: huwezi kusema hasara imepungua kama hukujua ilikuwa kiasi gani. Mvua ya mawe haienei kama mvua ya kawaida. Hupita kama ufagio, ikaangamiza ukingo mmoja wa bonde na kuuacha mwingine ukiwa salama. Kituo cha hali ya hewa kilicho kilomita nyingi kutoka hapo hakitaona kitu. Mchai uliochanwa hukaa majuma mengi bila kutoa majani mawili na kichipukizi. Kilo zikipungua katika kituo cha kununulia majani, bonasi nayo hupungua, na karo ya Januari huwa mashakani. Mkulima akidai kwamba ni barafu iliyomwangusha, atatoa ushahidi gani? Mpango wa serikali wa bima ya kilimo uliozinduliwa mwaka 2016 ulianza na mahindi na mifugo. Hakuna kampuni itakayokubali kwa bei nafuu kukatia chai bima dhidi ya janga ambalo halina daftari.

Wenzetu wa milimani kwingine walilielewa hili zamani. Nchini Uswisi, ambako maporomoko ya theluji yaliua watu 98 katika majira ya baridi ya 1951, kila asubuhi ya baridi wako watu vijijini wapimao theluji na kupeleka habari Davos. Huko hutolewa taarifa ya hatari yenye ngazi tano, kuanzia ndogo hadi kubwa mno, nayo ngazi hizo zimetumika Ulaya tangu 1993. Taarifa hiyo haingekuwapo bila wapimaji hao.

Wala vifaa si lazima viwe ghali. Huko Colorado, Marekani, tangu 1998 raia wa kawaida, wakiwamo watoto wa shule, wamepima mvua ya mawe kwa kipande cha sponji ngumu nyeupe, ile inayofungiwa televisheni mpya, kilichoviringishwa karatasi ya aluminiamu. Jiwe likianguka huacha kibonyeo. Ukubwa na idadi ya vibonyeo hueleza kilichotokea. Twauliza: ni shule ipi ya Mogogosiek isiyoweza kupata kitu hicho?

Tunajua walimu watanung'unika, na si bila haki, kwani mtaala mpya umewabebesha mengi. Hata hivyo kazi hii si mzigo juu ya Sayansi na Hisabati. Ndiyo Sayansi na Hisabati yenyewe. Mwanafunzi hupima kipenyo, huandika tarehe na saa, huchora ramani ya mapito ya dhoruba. Sharti moja tu lisivunjwe: mtu asitoke nje radi zingali zikipiga. Ubao husomwa dhoruba ikiisha kupita.

Shule 20 zikifanya hivyo kutoka Litein hadi Kapset, na nakala za madaftari zikafika katika idara ya hali ya anga, kaunti na viwandani, katika miaka michache mkulima atakuwa na karatasi ya kuweka mezani. Mvua za masika huanza Machi. Ubao utundikwe kabla ya hapo, katika muhula wa kwanza.