UZIWI SI LAANA, WALA MAMA HANA HATIA

Nakuomba uyasome makala haya hadi tamati kabla hujanihukumu, maana najua wapo watakaosema kuwa mambo ya masikio na jeni yangeachiwa wenzetu wa Chama cha Sayansi. Mimi nasema la! Mtu akisingiziwa kwa Kiswahili, yafaa atetewe kwa Kiswahili.

Katika mtaa wetu yupo mama mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyejaaliwa watoto watatu. Wawili kati yao ni viziwi tangu kuzaliwa. Yule wa kwanza alipotimiza miaka miwili bila kugeuka akiitwa, watu walisema ni mkaidi. Wa pili alipokuwa vivyo hivyo, maneno yakaanza. Ati mama huyo alikanyaga kitu. Ati kwao kuna laana. Mavyaa wake akatamka waziwazi, mbele ya wageni, kuwa katika ukoo wao hakujatokea kiziwi hata siku moja, kwa hivyo uziwi umeletwa na mke. Baba ya watoto naye yuko pale, kanyamaza kama aliyemwagiwa maji baridi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Hebu kwanza tulitazame sikio lenyewe. Mada ya jenetiki na mageuko ni ya kidato cha nne, lakini dada yangu aliniachia vitabu vyake na mimi si mtu wa kungoja. Sauti ikiingia sikioni hugonga kiwambo. Nyuma ya kiwambo kuna mifupa mitatu midogo: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake kama milimita tatu tu. Mifupa hii huupeleka mtikisiko hadi kwenye koklea, kijumba kilichojiviringa kama konokono. Humo ndani mna seli zenye vinywele: kama 3,500 za safu ya ndani na 12,000 za safu za nje katika kila sikio. Hizo ndizo hugeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo.

Sasa, kuku na mjusi wana mfupa mmoja tu mahali hapo. Mamalia wote, kuanzia panya hadi ndovu, wana mitatu. Je, ile miwili ya ziada ilitoka wapi? Ilitoka kwenye taya! Mwaka wa 1837 Mjerumani mmoja aitwaye Karl Reichert alichunguza viinitete vya wanyama akaona kuwa nyundo na fuawe zetu ni mifupa ile ile ambayo kwa watambaazi hufanya kiungo cha taya. Baadaye visukuku vikamtetea. Kuna kinyama kidogo kiitwacho Morganucodon, kilichoishi miaka milioni 200 hivi iliyopita, ambacho mifupa hiyo ilikuwa bado imeshikamana na taya yake. Kingine, Yanoconodon wa nchi ya China, kilichoelezwa na wataalamu mwaka wa 2007, kiliishi kama miaka milioni 125 iliyopita. Mifupa yake ya sikio ilikwisha kujitenga kiasi, ila gegedu lilikuwa bado limeiunganisha na taya. Na mpaka leo, mtoto wa oposamu wa Marekani huzaliwa mifupa hiyo ikiwa bado kwenye taya, kisha inajivuta nyuma anapokua. (Ukitafuna njugu darasani ukasikia kishindo kichwani, huo si ushahidi, lakini mimi hunichekesha.)

Najua wapo watakaoniuliza kama nabishana na somo la dini. Sibishani. Ninalosema ni kwamba sikio halikutengenezwa kama kijiko, kipande kimoja na basi. Ni kitu cha vipande vingi, na kila kipande kina jeni zake.

Chukua mfano wa jeni moja tu. Mwaka wa 2000 wanasayansi wa Marekani waligundua protini waliyoiita prestini. Hii hukaa katika zile seli za safu za nje, na kila mtikisiko ukija huzifanya seli zirefuke na kufupika, zikicheza kwa kasi ajabu. Mchezo huo ndio hukuza sauti ndogo. Panya walioondolewa jeni hiyo walipoteza kati ya desibeli 40 na 60 za usikivu. Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: popo na pomboo, ambao wote hutafuta njia kwa mwangwi, mmoja hewani na mwingine baharini, walionekana mwaka wa 2010 kuwa na mabadiliko yanayofanana katika prestini zao, ingawa si ndugu wa karibu hata kidogo. Njia mbili, mwisho mmoja.

Na kwetu Kenya je? Tunao walimu wawili wa jambo hili. Wa kwanza ni ndovu wa Amboseli, ambao Joyce Poole na wenzake walieleza mwaka wa 1988 kuwa huitana kwa ngurumo nzito ambazo sehemu yake ni ya chini mno kwa sikio la binadamu. Sisi husikia kuanzia mitikisiko 20 hivi kwa sekunde. Ndovu anashuka chini ya hapo. Kwa hivyo ukisimama karibu na ndovu waliotulia ukadhani kimya kimetanda, huenda ni wewe uliye kiziwi.

Wa pili ni yule fuko asiye na manyoya anayeishi chini ya ardhi katika sehemu zetu kame, na huko Somalia na Ethiopia. Huyu ana sura mbaya, tuseme ukweli. Mwaka wa 2020 ilitangazwa kuwa sikio lake limepoteza ule ukuzaji wa sauti, na kwamba protini fulani za vinywele vyake zina mabadiliko ambayo kwa binadamu yangehusishwa na uziwi. Lakini je, fuko amelaaniwa? Anaishi kwa makundi makubwa, anazungumza na wenzake mchana na usiku, na mwaka wa 2021 ilionyeshwa kuwa kila kundi lina lafudhi yake, mgeni akitambuliwa kwa sauti tu. Hakuna mavyaa wa fuko anayemfukuza mtu.

Turudi kwa binadamu. Si uziwi wote ni wa kurithi, jamani. Homa ya uti wa mgongo huleta uziwi. Surua pia, na rubela ikimpata mama mjamzito, na dawa kama streptomaisini kwa baadhi ya watu. Siwezi kuapa ni lipi lililowapata watoto wa jirani yetu. Hilo ni la daktari na maabara. Lakini tuseme ni la kurithi, kama wanavyodai wenyewe wanaonyoosha vidole. Hata hapo hesabu yao imekosea.

Kila mmoja wetu hupokea jeni mbili mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa aina nyingi za uziwi wa kuzaliwa nao, jeni moja yenye hitilafu haitoshi. Ile nzima hufanya kazi peke yake na mtu husikia vizuri, wala hajui kuwa kuna kitu amebeba. Chukua mifuko miwili. Tia haragwe moja jekundu na moja jeupe katika kila mfuko. Mmoja ni wa baba, mwingine wa mama. Fumba macho, toa haragwe moja kila mfuko. Mekundu yote mawili, mtoto ni kiziwi. Nafasi ni moja kati ya nne. Rudisha, toa tena. Nilijaribu na ndugu zangu jikoni na tukapata mekundu mara mbili mfululizo, kwa sababu haragwe halina kumbukumbu ya mtoto aliyetangulia.

Sasa tazama, msomaji. Ili yawe mawili, jekundu moja lazima litoke katika mfuko wa baba. Lazima! Na yule anayejigamba kuwa kwao hakujawahi kuonekana kiziwi anaeleza tu jinsi jeni ya namna hii inavyosafiri: hupita kwa babu, kwa baba, kwa shangazi, kimya kimya, hadi ikutane na mwenzake. Basi mbona nusu ya familia ikae kitini na nusu nyingine isimame kizimbani?

Huko Ghana kuna kijiji kiitwacho Adamorobe, mashuhuri kwa kuwa na viziwi wengi tangu zamani. Mwaka wa 1998 iligunduliwa kuwa chanzo ni badiliko moja katika jeni iitwayo GJB2. Wanakijiji wana lugha yao ya ishara, na wengi wanaosikia wanaijua pia. Hata hivyo, mwaka wa 1975 chifu alipiga marufuku viziwi kuoana wao kwa wao. Mimi sikubaliani na sheria ya aina hiyo, wala siwakubali wale wa kwetu wanaosema kiziwi asiolewe. Kwanza, jeni zinazojulikana kuleta uziwi zinapita mia moja. Kiziwi wa jeni hii akioana na kiziwi wa jeni ile, kila mmoja anampa mtoto ile nzima ambayo mwenziwe hana, na watoto wote wanaweza kusikia. Pili, mekundu mengi zaidi yako mifukoni mwa watu wanaosikia, ambao hakuna anayewazuia kuoana.

Ni kweli sayansi inakimbia. Mwezi wa Januari 2024 madaktari wa China walichapisha habari za watoto sita waliozaliwa viziwi kwa sababu ya jeni ya OTOF. Walitiwa jeni nzima sikioni kwa kutumia virusi visivyo na madhara, na watano wakaanza kusikia. Nilifurahi niliposoma. Lakini hiyo ni jeni moja kati ya hizo zote, na kiziwi wa mtaani kwetu ana njaa ya mazungumzo leo.

(Makanga nao, wenye kutufungulia muziki hadi vioo vitetemeke asubuhi tukienda shule, wajue kuwa vinywele vya koklea vikifa kwa mamalia havioti tena. Kuku huotesha vyake upya. Sisi hatuko na bahati ya kuku.)

Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Tatu, si mbili. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajisifu kuwa wapenda lugha, tunashindana kwa methali na mashairi, ilhali kati ya wanachama wote sijaona anayeweza kumwambia mtoto kiziwi "hujambo". Wale watoto wawili wa jirani huwasiliana na mama yao kwa ishara walizozibuni nyumbani. Wakitoka nje ya lango, hakuna anayewajibu.

Kwa hivyo napendekeza hivi kwa mwalimu mlezi na kamati: kuanzia muhula ujao, nusu saa ya kila mkutano wetu iwe ya Lugha ya Ishara. Tualike mwalimu kutoka shule ya viziwi iliyo karibu, nauli yake tuichange wenyewe. Tuanze na alfabeti ya vidole na majina yetu, kisha salamu. Mimi nimekwisha jiandikisha wa kwanza, na karatasi ya majina iko kwa katibu.