Unyevu hauna kesi na kipilipili

Mwandishi wa safu ya urembo anawashauri wanawake wa Dar es Salaam walioacha dawa ya kunyoosha nywele wairudie, eti hewa nzito ya Machi inaharibu nywele za kipilipili. Anachanganya kujikunja na kuharibika. Unyevu hulegeza vifungo vya muda ndani ya unywele, nao ukajikunja tena. Dawa yenye sodiamu haidroksaidi huvunja vifungo vya kudumu. Sasa kipi kinaharibu? Nywele hukatikia hasa pale zilizoota upya zinapokutana na zilizonyooshwa, na hapo mshtakiwa ni dawa yenyewe. Msimu wa unyevu, punguza gliserini, maana huvuta maji ya hewani; paka mafuta ya nazi kidogo, suka twende kilioni. Kitana cha meno ya karibu (alikipendekeza mwandishi huyo!) mwachie mwenyewe.