Msizike stata ikiwa hai

Nimeadimika kidogo na najua wapo mliokwishaanza kunilaumu. Kazi za chumba cha habari zina tabia ya kula hata zile Jumamosi ambazo mtu alijiwekea za kwake. Leo sina siasa wala sina waziri wa kumsema. Nataka tuzungumze habari za stata ya gari, na wale wasio na gari naomba wasikimbie kwanza, maana wote tunazo redio, feni na simu ambazo tumeshaambiwa "hii imekufa, nunua nyingine" tukakubali bila kuuliza swali la pili.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, mali ya mzee wangu. Aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali alipostaafu ubwana shamba, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba mahindi, mbolea, wagonjwa na hata maiti wa kijiji chetu kule Iringa. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote ni kaka yangu mkubwa kwa mbali. Macho ya mzee yalipoanza kumsumbua akanikabidhi ufunguo. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Usiuze kitu chake hata kimoja bila kuniambia."

Sasa asubuhi moja hapa Dar nawasha gari, nasikia "tik". Narudia, "tik". Taa za dashibodi zinafifia kila nikizungusha ufunguo, halafu zinarudi. Kama kawaida ya mji wetu, kabla hujafungua boneti wameshafika watu watatu, na mmoja wao akatoa hukumu akiwa bado hajainama: "Stata imekufa hiyo, kaka. Badilisha." Mimi, mwenye digrii ya uandishi wa habari, ambaye mhariri akiletewa habari ya chanzo kimoja anaitupa kapuni na mimi nashangilia, nikaamini chanzo kimoja.

Kuna kitu kimoja nilikiona siku ile nikakipuuza. Nilipokuwa narudisha choki ndani, waya wake ulikuwa wa moto. Moto wa kuunguza vidole. Nikasema ni joto la Dar. Saa moja na nusu asubuhi! Tutarudi hapo.

Nikanunua stata mpya, kwa bei iliyozidi nusu ya mshahara wangu. Ikafungwa, gari likawaka mara moja, nikajiona mwanaume. Ile ya zamani, Lucas iliyokuja na gari, ilikaa barazani siku mbili, halafu akapita kijana wa vyuma chakavu na mizani yake. Stata ni nzito, na ndani ina shaba nyingi. Alinipa pesa ya chipsi mayai na soda, na sikumwambia mzee.

Wiki tatu baadaye mzee alikuwa anakuja Dar kuonana na daktari wa macho. Basi limeingia stendi ya Mbezi, mimi niko kwenye gari, nazungusha ufunguo. "Tik." Mzee wa zaidi ya miaka sabini, macho hayaoni vizuri, alikaa na begi lake pale stendi karibu saa mbili hadi nilipomfuata na bajaji.

Alipofika nyumbani hakutaka hata maji. Aliomba nifungue boneti. Akapitisha mkono chini ubavuni mwa injini, pale stata inapokaa, akapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Halafu akauliza, "Ile ya Lucas iko wapi?" Nikamjibu iko kwa fundi. Ndugu zangu, nimewahi kuwabana wakurugenzi kwa uongo mdogo kuliko huo.

Kesho yake nilimfuata kijana wa vyuma chakavu hadi sehemu anakouzia. Nilichelewa sana. Mwenye mizani kubwa alinionyesha rundo la maganda ya chuma na kuniambia shaba yote ilishachomwa ipasavyo na kuondoka. Sikuweza hata kutambua ganda langu ni lipi.

Mzee ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja wa Gerezani, mtu mzima wa umri wake, anayetengeneza stata na oltaneta tu na hafanyi kitu kingine. Nilimpigia shikamoo, nikamweleza, nikamwambia nadhani stata niliyouziwa ni feki. Hakujibu. Alichukua mita ya umeme, mguu mmoja akaugusisha kwenye nguzo hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini, akaniambia, "Zungusha." Mita ikaonyesha zaidi ya volti 2.

Naomba niwaeleze maana ya namba hiyo kama nilivyoelezwa, kwa sababu hapa ndipo pesa yangu ilipopotelea. Umeme ukishatoka kwenye betri kwenda kuzungusha stata ni lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni chuma cha gari lenyewe, ile tunayoita athi. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani sawasawa na chesisi. Kuna mkanda wa shaba uliosukwa unaowaunganisha. Mkanda ukiwa mzima, mita haitakiwi kuonyesha hata nusu volti wakati stata inazunguka. Wa kwetu ulikuwa umeliwa na kutu, umebaki nyuzi chache. Betri inatoa volti zake 12, zinashuka kama kawaida kwa mzigo wa stata, halafu mbili nyingine zinaishia njiani. Stata inabaki na njaa. Inagonga "tik" na kulala.

Na umeme ukikosa barabara hutafuta kichochoro. Hapo kichochoro kilikuwa waya wa choki, ambao umetoka kwenye dashibodi hadi kwenye kabureta na wote ni chuma. Umeme wa kuzungusha injini nzima ukajaribu kupita kwenye waya mwembamba kama wa baiskeli. Ndiyo maana vidole vyangu viliungua! Gari lilikuwa limenijibu tangu siku ya kwanza.

Fundi akafunga mkanda mpya, akakwangua kutu na rangi mahali unapokaa mpaka chuma kikang'aa, akaniambia niwashe. Likawaka. Mkanda na kazi yake vilinigharimu pesa ambayo wengi wetu tunaimaliza kwa vocha za wiki moja.

"Na ile stata mpya?" nikamuuliza. Akasema haina tatizo. "Na ile ya zamani?" Akaniangalia. "Ungeniletea ningekujibu." Wiki zile tatu za mwanzo gari liliwaka kwa sababu yule aliyefunga mpya alilegeza na kukaza nyaya, zikashika kidogo. Hapakuwa na stata iliyokufa popote.

Nimeona nilete jambo hili kwenu kwa sababu nimeanza kuuliza, na kila ninayemuuliza ana kaburi la stata nyumbani kwake. Tumejenga utamaduni wa kubadilisha kwanza na kupima baadaye, au kutopima kabisa. Kwa gari linaloshuka bandarini kila siku sina ugomvi na mtu; ukihitaji stata ya mtumba Kariakoo utaipata kabla chai haijapoa. Lakini gari la miaka arobaini na zaidi si hivyo. Ukiitoa stata yake ukaipeleka kwenye mizani, umetoa kitu ambacho kinarudi kwa kuagizwa nje tu, na kinachorudi kinaweza kuwa kizuri au kibaya, huwezi kujua mpaka ukifunge.

Na hata pale stata inapokuwa mbovu kweli, ubovu wake mara nyingi ni mdogo. Fundi aliniruhusu nikae nimtazame akifungua Lucas ya mteja wake mwingine, ya Land Rover vilevile. Aliibana kwenye jiliwa kwanza kabla ya kuipa umeme, maana stata isiyobanwa ikipewa umeme huruka mezani kama samaki. Ilizunguka kwa uchovu. Akavua mkanda wa nyuma, chini yake kuna kaboni nne zinazosukumwa na springi. Kaboni ni vidonge tu vya kusugua, vinaisha kama sabuni. Zikibaki milimita 8 hivi unatoa. Hizi zilikuwa zimekwisha kabisa. Akafungua boliti mbili ndefu, akachomoa amecha, ule mhimili wa katikati uliosukwa nyaya za shaba.

Pale kaboni zinaposugua kuna pete ya vipande vya shaba, na ilikuwa nyeusi tii. Aliisugua kwa msasa laini wa karatasi. Kijana wake alimletea msasa wa kitambaa cheusi, ule wa kusugulia chuma, akaukataa kwa ukali: punje zake hubaki kwenye shaba na kuleta matatizo. Kijana akauliza kama akwangue mifereji katikati ya vipande kama wanavyofanya kwenye dainamo. Akakatazwa pia. Kwenye stata ya Lucas mifereji ile haichimbwi. Nilimwona yule kijana akiyaweka haya kichwani, na nikajiuliza, tukimaliza kupeleka stata zote kwenye mizani, atajifunzia wapi?

Kilichochukua muda ni bushi. Zile mbili zinazoshika ncha za mhimili zikiisha, amecha inalegea na kugusa ukuta wa ndani, na mtu wa nje anasema imeungua. Kuna mafundi wanakereza bushi kwa shaba yoyote iliyopo. Mzee huyu hataki. Anataka ile yenye vinyweleo, inayonywa mafuta, na akiipata anailaza kwenye mafuta ya injini saa 24 kabla ya kuifunga. Mteja alikuwa analalamika kwenye simu kwamba siku mbili ni nyingi. Fundi akamwambia bushi bado inakunywa, akakata.

Bendiksi, ile gia ndogo inayoruka kwenda kushika flaiwili, aliiosha kwa mafuta ya taa na kuiacha kavu. Usipake grisi, anasema, kwa sababu vumbi la klachi litaganda hapo na gia itakwama. Na ikikwama, stata hizi za zamani zina kifuniko kidogo kwa nyuma. Ukikivua unakuta ncha ya mraba, unaizungusha kwa spana gia inaachia. Wangapi wamenunua stata mpya kwa kutokujua kifuniko hicho?

Siyo kila stata inafufuka, tusidanganyane. Amecha ikiungua na nyaya zake zikayeyusha lehemu, au vipande vya shaba vikaisha, kuisuka upya kunaweza kuzidi bei ya mpya. Na zipo stata za kisasa zenye gia ndani, nyepesi, zinazokula umeme kidogo. Anayelitumia gari la zamani kila siku kwenda kazini akifunga hiyo sitamcheka. Ila ya zamani aitie kwenye gunia aiweke chini ya kitanda. Na apime kwanza. Mita ya umeme ya bei rahisi kabisa ingeniokoa mimi, na kipimo chake ni cha dakika mbili.

Nilimwambia mzee ukweli usiku ule ule, kabla ya kula. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Umeuza jembe kwa sababu mpini umelegea." Nilipodhani yamekwisha akauliza mbona siku ile sikuwasha kwa hendeli. Hendeli gani? Ile iliyo ndani ya gari, ambayo mimi siku zote nilidhani ni ya jeki. Bampa la Land Rover hizi lina tundu katikati kwa kazi hiyo: unaingiza chuma, unazungusha injini kwa mkono, kidole gumba ukiwa umekiweka upande mmoja na vidole vingine ili injini ikirusha nyuma isikuvunje. Cadillac ya mwaka 1912 ndiyo iliyoanza kuwaondolea madereva kazi hiyo kwa stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, lakini wenye Land Rover waliendelea kubeba hendeli zao miongo mingi baadaye kwa sababu walizijua barabara zao. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Saa mbili zote pale stendi, na chuma kilikuwa ndani ya gari.

Fundi amenitafutia Lucas nyingine, imetoka kwa mtu aliyefunga ya kisasa na kuiacha ya zamani pale gereji. Kaboni zimekwisha, bushi moja imekufa, amecha ni nzima. Kufikia jana bushi ilikuwa imelazwa kwenye mafuta. Jumamosi nakwenda kuichukua, na mzee, ambaye bado yuko hapa Dar anasubiri kurudi kwa daktari, amesema isifungwe mpaka aishike kwanza.