Marupurupu ya Safari Yana Fungu la Mtoto

Kuna ugomvi wa aina moja ambao haukomi katika mahakama za watoto, hasa katika miji iliyo kandokando ya barabara kuu itokayo Mombasa hadi Malaba. Mama anadai pesa za matunzo ya mtoto. Baba ni dereva wa trela. Mama anasema kwamba bwana huyu hupokea pesa nyingi kila anapopakia shehena bandarini. Baba naye anatoa hati yake ya malipo inayoonyesha mshahara mdogo, na kueleza kwamba zile pesa nyingine ni za safari tu: za chakula, za malazi na za dharura za njiani. Hakimu anabaki na swali moja gumu. Je, marupurupu ya safari ni pato la mzazi, au ni gharama ya kazi isiyomhusu mtoto?

Mimi nasema kwamba wote wawili wana haki kwa kiasi fulani, na wote wawili wanakosea. Pesa zinazotumika njiani kwa kweli si pato. Lakini zile zinazobaki mfukoni mwa dereva arudipo nyumbani ni pato kama pato jingine lolote, na mtoto ana fungu lake ndani yake, hata kama mwajiri ameziita jina jingine.

Tuanze na sheria. Nchi hii imepitia njia ndefu katika jambo hili. Sheria iliyowawajibisha akina baba kuwatunza watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilianza kutumika 1959, ikafutwa 1969, na kwa zaidi ya miaka 30 mama asiyeolewa hakuwa na pa kushika. Sheria ya Watoto ya 2001 ilileta nafuu, lakini bado ilimwekea baba asiyemwoa mama masharti yaliyomwezesha kukwepa. Ni Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, iliyotamka bila kigugumizi kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto wao, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imejengwa juu ya msingi huo.

Sasa, mahakama inapokadiria kiasi cha matunzo, haiangalii mshahara peke yake. Huangalia pato la mzazi, uwezo wake wa kuchuma, mali yake na njia nyingine za fedha alizo nazo. Hivyo basi, dereva anayeweka mbele ya hakimu hati ya mshahara na kunyamaza kuhusu mengine hajasema uongo, lakini pia hajasema kweli yote.

Mtego mkubwa umo katika sheria ya ushuru. Kwa miaka mingi, Sheria ya Ushuru wa Mapato ilichukulia kwamba shilingi 2,000 za kwanza kwa siku anazopewa mfanyakazi aliye safarini kikazi ni marejesho ya gharama, hazitozwi ushuru. Sheria ya Fedha ya 2025 ilipandisha kiwango hicho hadi shilingi 10,000 kwa siku, kuanzia Julai 1 mwaka huo. Basi wako wanaojenga hoja kwamba, maadamu serikali yenyewe haizihesabu pesa hizi kuwa pato, mahakama ya watoto nayo isizihesabu. Hoja hiyo haina miguu. Mtoza ushuru ameweka kiwango hicho ili asilazimike kudai risiti ya kila sahani ya wali na kila kikombe cha chai. Hakusema kwamba pesa zote hizo zimetumika. Swali la mtoza ushuru ni nini cha kutoza; swali la hakimu ni mzazi ana uwezo gani. Jibu la swali la kwanza haliwezi kuwa jibu la swali la pili.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni, na wanafunzi wa hesabu watufuate. Dereva ana mshahara wa shilingi 35,000 kwa mwezi. Yuko safarini siku 20, na kila siku hupewa shilingi 2,000, yaani 40,000. Mama anajumlisha na kudai kwamba bwana ana 75,000. Baba anasema ana 35,000 tu. Ukweli uko wapi? Tuseme kwamba dereva hulala ndani ya gari, na kwa chakula, maji ya kuoga na maegesho hutumia shilingi 1,100 kwa siku. Katika siku 20 ametumia 22,000; zimebaki 18,000. Zaidi ya hayo, angekuwa nyumbani siku hizo angekula kwa mshahara wake, tuseme shilingi 300 kwa siku. Safari imemwokolea 6,000. Kwa hivyo uwezo wake halisi ni kama wa mtu mwenye mshahara wa 59,000 asiyesafiri. Si 75,000 wala si 35,000.

Kanuni hii sikuibuni mimi. Huko Marekani, ambako madereva wa malori ya masafa marefu nao hulipwa marupurupu ya siku, sheria ya jimbo la Florida huhesabu marejesho ya gharama kuwa pato la mzazi kwa kadiri yanavyompunguzia gharama zake za maisha. Maneno hayo machache yana busara kubwa. Hayamnyang'anyi dereva pesa za chakula chake, wala hayamruhusu kuficha akiba yake nyuma ya neno "safari". Mahakimu wetu hawahitaji kusubiri Bunge ili kuitumia hekima kama hiyo. Sheria yetu inawapa nafasi ya kutosha.

Hata hivyo, tusimhukumu dereva kabla hatujaijua barabara yake. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni takriban kilomita 1,170, na wengine huendelea hadi Kigali, Juba au Goma. Ikiwa mwajiri hutoa kitita kimoja kwa safari nzima badala ya kulipa kwa siku, kila siku ya kukwama mpakani ni siku ya kula akiba. Mwaka wa 2020, wakati wa upimaji wa korona, foleni ya malori huko Malaba ilifika makumi ya kilomita, na madereva wakakaa humo siku kadhaa. Fauka ya hayo, safari zenyewe hupanda na kushuka. Reli mpya ilipoanza kubeba shehena mapema 2018, na serikali ikaamuru makasha yasafirishwe kwa garimoshi, malori mengi yalikosa kazi. Amri hiyo iliondolewa 2022. Dereva aliyepata safari nne mwezi mmoja anaweza kupata moja mwezi unaofuata. Akiamriwa kulipa kwa kipimo cha mwezi wa neema, atavunja amri mwezi wa dhiki, na kumfunga jela hakutamlisha mtoto.

Kwa sababu hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mahakama imtake dereva alete orodha ya safari zake za miezi 12 pamoja na hati za malipo, kisha ichukue wastani. Orodha hizo zipo. Hakuna mwenye lori asiyejua gari lake liliondoka lini na kurudi lini. Pili, amri ya matunzo iwe na sehemu mbili: kiasi cha chini kinacholipwa kila mwezi kutoka katika mshahara, na kiasi kidogo cha kuongezwa kwa kila safari iliyokamilika. Tatu, karo ilipwe moja kwa moja kwa shule. Tangu huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza nchini 2007, hakuna dereva anayeweza kusema kwamba umbali ulimzuia.

Waajiri nao wasijifiche. Kuufanya mshahara uwe mdogo na marupurupu yawe makubwa kuna athari ambayo walimu wanaielewa vyema. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kama mshahara wenyewe ni mdogo na tayari una mkopo wa chama cha akiba, mwajiri akiamriwa kumkata dereva pesa za mtoto hukuta hakuna kilichobaki cha kukatwa. Dereva naye asifurahie hali hiyo, kwani mshahara ule ule mdogo mara nyingi ndio kipimo cha malipo yake siku atakapoachishwa kazi au kustaafu. Kinachomficha leo mbele ya hakimu kitamwacha mikono mitupu kesho.

Nimefundisha kwa miaka mingi katika mji ulio kando ya barabara hiyo, na najua ugomvi huu huishia wapi: huishia katika orodha ya wanafunzi wanaorudishwa nyumbani. Ni kweli kwamba elimu ya msingi katika shule za umma haijatozwa karo tangu 2003, na ile ya sekondari za kutwa iligharimiwa na serikali kuanzia 2008. Lakini sare, chakula cha mchana na karo ya bweni vyote vina bei. Sisi walimu tunaweza kusaidia bila kujiingiza katika ndoa za watu. Tutoe risiti zilizo wazi, tuandike bayana mzazi yupi alilipa nini na lini, na mzazi akihitaji barua inayoonyesha gharama za masomo ili aipeleke mahakamani, tusimzungushe. Karatasi hizo ndizo zinazomwonyesha hakimu mahitaji ya mtoto, kama vile orodha ya safari inavyomwonyesha uwezo wa baba.

Nanyi wanafunzi mjue haki yenu. Kutimiza umri wa miaka 18 hakumaanishi kwamba mlango umefungwa. Mahakama inaweza kuurefusha wajibu wa mzazi kwa kijana ambaye bado yuko masomoni. Pia mjue kwamba baba anayelala ndani ya lori huko Webuye kwenye mizani ili abakishe shilingi mia chache si lazima awe adui yenu. Wengi wao hubakisha pesa hizo kwa ajili yenu.

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kazi hiyo hugharimiwa kwa pesa zilizopo, ziwe zimeandikwa mshahara au safari. Mahakama zetu zikianza kuuliza kilichobaki badala ya kuuliza kinaitwaje, mtoto atapata haki yake, na dereva atabaki na chakula chake cha njiani.