Sanduku la kikundi na ordinateri ya kuchonga



Kikundi kimoja cha akiba cha Beni kimetuuliza swali ambalo hatukulitegemea. Binti wa mwenzao amemaliza masomo ya sekondari, diploma ya serikali anayo mkononi, na sasa anataka kujifunza kuchonga sanamu ndani ya ordinateri na kuzifanya zitembee na kusema, yaani kutengeneza katuni. Mama yake amekubali. Kikundi kimekubali kumkopesha. Muuzaji amekwisha kuwaonyesha mashini yenye kibandiko cha Core i7 na kuwaambia kwamba hakuna kubwa kuliko hiyo. Wanauliza: tufungue sanduku?

Bado. Kwanza tuelewe kazi yenyewe, maana mashini ya kuandikia barua na mashini ya kazi hii si ndugu, hata zikifanana kwa nje.

Kuchonga huku kunafanana na kufinyanga udongo. Mtoto anaanza na donge, anavuta pua, anabonyeza macho, anapanga nywele. Lakini donge hilo limejengwa kwa vipande vidogo, kama ukuta wa matofali. Donge la mraba lina pande 6. Likigawanywa mara moja, kila upande unazaa vipande 4, jumla 24. Rudia mara tisa, utafika vipande 1.572.864. Mpeni hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita, ataipata. Vipande vyote hivyo vinakaa pamoja katika memori ya kazi, ile wauzaji wanaandika RAM. Mashini ya giga 4 itasimama kama punda aliyezidishiwa mzigo. Giga 8 ni mlango wa kuingilia tu. Sisi tunashauri 16, na ulizeni kama kuna nafasi ya kuongeza baadaye. Disiki nayo iwe ya SSD, si ile ya zamani inayozunguka.

Programu haiwagharimu kitu. Iko moja inaitwa Blender, ni ya bure kwa watu wote tangu mwaka 2002. Inakaa kwenye flashi, na intaneti haihitajiki kila siku. Msidhani cha bure ni cha kuchezea: filamu ya Flow, ya kijana mmoja wa Latvia aitwaye Gints Zilbalodis, ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ikapata Oscar ya filamu ya katuni kule Marekani. Basi akiba yote iende kwenye vyombo.

Sasa kibandiko. Neno i7 peke yake halisemi umri. Tazameni namba inayofuata: i7-2600 ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, i5-12400 ni ya kizazi cha kumi na mbili, ya mwaka 2022. Hiyo i5 inaiacha mbali sana ile i7. Muuzaji asiyetaka kuonyesha namba nzima, mwageni kwa heshima mwende duka lingine.

Kuna kadi ya grafiki pia. Mashini nyingi za ofisi zinazotufikia kutoka Dubai au kupitia Kampala hazina kadi yake ya pekee, zinakopa kwenye RAM. Wakati wa kuchonga mtu anaweza kuvumilia. Lakini siku ya kutoa filamu ndipo taabu inaanza. Kila sekunde inahitaji picha 24, kwa hiyo sekunde 10 ni picha 240. Kama kila picha inachukua dakika 2, ni saa 8 mashini ikiunguruma. Tuseme ni ordinateri ya mezani inayokula wati 300: hizo ni wati-saa 2.400. Ya kubeba, tuseme wati 120: ni 960. Na pano ya jua ya wati 100, siku yenye jua zuri, tuihesabie wati-saa 400 hivi. Mnaona wenyewe kwamba haitoshi, na mafuta ya jenereta mnajua bei yake. Ndiyo maana tunamshauri binti aanze na njia ya haraka iliyomo ndani ya Blender, inaitwa EEVEE. Picha moja ikichukua sekunde 10, kazi yote inaisha kwa dakika 40. Flow yenyewe ilitolewa kwa njia hiyo. Akipata kadi ya NVIDIA yenye giga 4 au zaidi, ni heri. Ikikosekana leo, asilie.

Kitu ambacho hatutaki akikose ni kalamu. Watu wanamaliza pesa zote kwenye mashini, halafu mtoto anachonga kwa sourisi, ambayo haijui kama mkono umekandamiza au umegusa tu. Kuna vibao vya kuchorea vya Wacom, Huion au XP-Pen, vile vidogo visivyo na kioo. Hivyo vinatosha kabisa. Kama pesa ni chache, punguzeni kwenye kadi, msipunguze kwenye kalamu.

Ya mezani au ya kubeba? Kwa nguvu ileile ya mezani ni rahisi zaidi, na fundi anaweza kubadilisha kipande kimoja kimoja. Kama tungekuwa tunaishi kwingine tungesema ya mezani bila kufikiri. Lakini mama wa Beni aliyewahi kutoka nyumbani usiku na watoto mgongoni haitaji maelezo yetu. Ya kubeba inaingia ndani ya mfuko, na umeme ukikatika haizimi palepale. Tunachagua hiyo.

Joto pia lifikirieni. Butembo tuko juu, baridi yetu inasaidia mashini. Beni ni chini na kuna joto zaidi, na vumbi jekundu linaziba matundu ya hewa. Isiwekwe juu ya kitanda wala blanketi inapofanya kazi.

Baba wa mtoto, tunaambiwa, anasema huo ni mchezo. Tungependa akumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 kule Mangina, ikaisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ikachukua watu zaidi ya 2.200. Wengi wetu tulikataa mafundisho kwa sababu yalikuja na magari na sura tusizozijua. Katuni fupi iliyotengenezwa na binti wa hapa, yenye bibi anayesema kinande na mazishi yanayofanana na yetu, ingeingia nyumba ambazo magari yale yalifukuzwa. Na tuulizane: kama angekuwa kijana mwanaume, neno mchezo lingetamkwa?

Basi kabla ya kulipa, binti aende dukani na Blender kwenye flashi. Aifungue, agawe donge mara tisa, achonge nusu saa mbele ya muuzaji. Mikono ya wamama wawili iguse chini ya mashini kuona inachemka namna gani. Waangalie bateri inashuka kiasi gani bila waya. Waangalie plagi, maana zinazopitia Uganda zina meno matatu bapa yasiyoingia kwenye priza zetu, na klavye, kama mtoto amezoea AZERTY ya shule. Muuzaji aandike kwenye risiti namba ya mashini, prosesa nzima, RAM, na siku anazokubali kuirudisha. Risiti ikae ndani ya sanduku, pamoja na daftari la mkopo.