Tupande Vitu Vyenye Kuweza Kungoja Mvua



Mvua iko karibu kurudi, na tayari watu wanaulizana: mwaka huu tutapanda nini tena mbele ya biro? Jibu lenye kusikika mingi ni lile la kila mwaka: gazoni na mawaridi. Mimi nasema hapana. Naomba nafasi kidogo mu gazeti letu nieleze juu ya nini, kwa sababu jambo hili si la kupamba masomo tu. Ni jambo la maji, na wenye kubeba maji wanajulikana.

Tuanze na inchi yetu jinsi ilivyo. Hapa Lubumbashi tuko juu, zaidi ya metre 1200 juu ya bahari. Mvua ya mwaka mzima ni karibu milimetre 1200, na hiyo si kidogo. Lakini inakuja yote pamoja, hasa tangu mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu. Nyuma yake, tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa kenda, mbingu inafungwa karibu kabisa. Katikati ya kiangazi hicho kuko mashika: mwezi wa sita na wa saba usiku termometre inaweza kushuka chini ya digrii 10, hata wenye kujisifu wanatafuta koti. Kisha mwezi wa kumi joto linapanda kupita miezi yote, kabla mvua haijafika.

Basi mmea wa lupango mu Katuba unapita mitihani mitatu, si mmoja: baridi kavu, joto kavu, kisha matope ya miezi mine. Ndiyo maana yale makaktusi ya mapicha, yenye kutoka jangwani, mara nyingi yanatudanganya. Kaktusi inaweza kuvumilia kiangazi chetu bila shida, halafu mwezi wa kwanza inaoza mizizi mu udongo wetu mwekundu wenye kushika maji. Watu wanasema imelogwa. Haikulogwa, imezama.

Tuongeze tena kalenda ya masomo. Mwezi wa saba na wa nane tuko mu likizo. Hakuna mwanafunzi wa kumwagilia, na mlinzi ana kazi yake. Tunarudia mwezi wa kenda tunakuta gazoni imekuwa rangi ya mkeka wa zamani na mawaridi ni vijiti. Halafu tunaanza kuyafufua, kwa maji ya nani?

Nimefanya hesabu, na wa darasa la hesabu wanaweza kunikosoa. Milimetre moja ya maji juu ya metre moja ya mraba ni litre moja. Tuseme gazoni ni metre 10 kwa 10, ni kusema metre 100 za mraba. Ukitaka kuipa milimetre 5 tu kwa siku, kwa lile joto la mwezi wa kumi ambayo si kitu, unahitaji litre 500. Bidoni yetu ya manjano inachukua litre 20. Ni bidoni 25. Kila siku. Na kila bidoni, ikiwa imejaa, ina kilo 20 juu ya kichwa cha mtu, bila kuhesabu bidoni yenyewe.

Kichwa cha nani? Tusifichane. Mbele ya kengele ni wasichana, kwa sababu watu wanasema maji ni kazi ya wasichana. Nyuma ya kengele ni wenye kuchelewa, kwa sababu maji ni azabu. Mimi kama mkubwa wa wanafunzi ndiye mwenye kushika ile liste, kwa hiyo majina nayajua. Kati ya wenye kuchelewa, kuko wenye kuchelewa juu walikuwa wakichota maji kwao tangu saa kumi na moja ya asubui, robine ya kwao ikiwa kavu. Wamebeba maji ya mama, wamefika hapa, wamepewa bidoni ya kumwagilia majani ambayo hakuna mtu mwenye kuyakula wala kukaa juu yake, kwani imeandikwa “Usikanyage”. Hapo mtoto wa mwaka wa kwanza anajifunza nini juu ya maua? Anajifunza kwamba ua ni azabu. Na akirudi nyumbani hatapanda hata moja.

Sisemi tuache kiwanja kitupu. Hapana, kiwanja kitupu ni kibaya zaidi, nitafika hapo. Nasema tupande vitu vyenye kuweza kungoja.

Wa kwanza ni sansevieria. Wote mnaijua: majani marefu, magumu, yenye kusimama kama visu, mengine yana mustari wa manjano pembeni. Wafaransa wanaiita ulimi wa mama-mkwe, juu ni mrefu na una ncha (wenye bukwe wajue wenyewe). Inakubali mashika yetu, inakubali joto, inakubali kivuli cha baraza na jua la nje. Kuizalisha ni rahisi: kata jani, ligawanye vipande vya urefu wa kidole, viache vikauke siku mbili ao tatu mpaka kidonda kifunge, halafu visimamishe mu mchanga, upande uliokuwa chini ubaki chini. Ukigeuza, hakiti mizizi. Jambo moja la kushangaza: ukipanda kipande cha ile yenye mustari wa manjano, mtoto anatoka kijani kitupu. Ukitaka mustari, gawanya shina pamoja na mizizi yake.

Wa pili ni kalanchoe, ile yenye kuzaa watoto pembeni ya jani. Jani linaanguka chini, na kila kipembe kinatoa kimea chenye mizizi. Wengi wa jamaa yake wametoka Madagaska. Ni mmea mzuri kwa mtoto asiye na subira, juu ndani ya siku chache anaona kitu. Ubaya wake ni ule ule: inazaa sana, lazima uiwekee mpaka.

Wa tatu, aloe. Hapa niseme neno. Watu wanakata jani na kunywa maji yake kwa kila ugonjwa. Ile maji ya manjano yenye kutoka chini ya ganda inaendesha tumbo vikali. Tuipande juu ni nzuri na inadumu, na kwa ugonjwa twende kwa muganga wa dispensaire.

Walimu wa biologia wametufundisha kwamba majani yana vitundu vidogo vyenye kufunguka muchana kupokea hewa, na hapo maji yanatoka kama moshi. Hii mimea mitatu inafanya kinyume: inafunga muchana na kufungua usiku, wakati hewa ni baridi. Inaweka akiba usiku na kuitumia muchana mlango ukiwa umefungwa. Mama wa soko ambaye haonyeshi franga zake mbele ya watu anafanya vile vile.

Pembeni yake tunaweza kuweka pervanshi ya Madagaska, ile ya maua ya rose na meupe. Si ya majani manene lakini haina kiburi, hata mu ufa wa simenti inaota. Ni mmea uleule uliowapa waganga dawa mbili kubwa za kansa, vinblastine na vincristine. Lakini zinatolewa mu kiwanda kwa kipimo kidogo sana, na majani yenyewe ni sumu. Mtu asichemshe.

Kuna mmoja ambao naukataa mbele ya madarasa ya watoto: ile euforbia ya vijiti vya kijani bila majani, yenye watu wanapanda kuwa kipango. Ni kipango kizuri, mbuzi haigusi. Lakini maziwa yake yakiingia mu jicho ni hatari kubwa. Iwe nyuma, mbali na mpira.

Sasa nijibu wenye kukataa. Mama moja wa mtaa wetu aliponisikia alisema: “Weye mutoto, majani mu lupango njo nyumba ya nyoka.” Ni neno la kweli, na ndiyo sababu mama zetu wanafagia kiwanja kila asubui mpaka kinang'aa. Nyoka inajificha mu majani marefu. Lakini siombi majani marefu. Naomba mimea mifupi, yenye kuachana, na mawe madogo katikati, ufagio unaweza kupita. Katika kiwanja namna hiyo nyoka inaonekana toka mbali.

Na kile kiwanja cha kufagiwa, vumbi lake linaenda wapi? Hapa Katanga vumbi si vumbi tu. Mwaka 2009 watafiti wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven kule Ubelgiji walitangaza kwamba watu wenye kukaa karibu na mine na viwanda vya madini mu Katanga wana kobalti nyingi mu mkojo wao, na watoto wanapita wakubwa. Mwaka 2018 walionyesha jambo hilo tena kule Kolwezi, mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba kati ya nyumba, na vumbi ya nyumba ilikuwa na madini ndani yake. Mtoto anacheza chini, anatia mkono mu kinywa. Katuba si Kasulo, ninajua. Lakini kufunika udongo ni faida hata hapa. Kwa sababu ileile, tusitafute mchanga wa mine wala yale majiwe meusi ya kiwanda kwa kujaza vyungu vyetu. Mchanga wa mto, udongo kidogo wa kichuguu, vipande vya matofali chini kwa kupitisha maji, inatosha. Tena tuinue udongo kama kiganja kimoja juu ya kiwanja, ili mvua ya mwezi wa kwanza isisimame mu mizizi.

Wengine wanasema hiyo ni mimea ya masikini, ya kupanda mu mikebe ya maziwa. Mbona hii inchi yenyewe inajulikana kwa mimea migumu? Kuko ua dogo la kwetu, Haumaniastrum katangense, linaloitwa ua la shaba, kwa kuwa linaota mahali ambapo shaba imeua mimea mingine. Mwaka 1982 wataalamu, kati yao Malaisse aliyefundisha hapa Lubumbashi, walieleza jinsi ua hilo linavyosaidia kupata mahali ambapo wazee wetu waliyeyusha shaba zamani, mbele ya wazungu kufika. Waridi halijatuonyesha kitu kama hicho.

Na tazameni miembe na maavoka ya lupango za zamani za hapa Katuba. Nani mwenye kuimwagilia? Hakuna. Mizizi imeshuka chini kutafuta maji yake. Siku hizi tunaikata kwa kujenga chumba cha kupangisha, halafu tunanunua ua mu plastiki kwenye barabara.

Kwa hiyo naomba hivi kwa Bwana Prefe na kamati ya wazazi: ile franga ya gazoni inunue mchanga na magurudumu mawili ya brweti, na maji yasiwe azabu tena. Mwenye kuchelewa apewe kazi nyingine, kazi haikosi. Mwezi wa kwanza tangu kupanda, bidoni mbili kwa juma zinatosha, na tutazibeba kwa zamu, wavulana wa mwaka wa mwisho wakianza.

Mwenye sansevieria kwao akate jani moja, aliache likauke, alilete siku ya ine saa ya mapumziko. Tutaanza pale pembeni ya robine isiyotoka maji, juu kila mtu anapita hapo.